Fuvu Langu na Jicho la Yosr

Jumatatu, 6 Oktoba
Modeli imekamilika! Kompyuta sasa inaonyesha jinsi mfupa wa tundu la jicho la mtoto unavyokua ukisukumwa kutoka ndani. Vipimo vya watoto wa miaka miwili sikuvipata. Nikachukua picha ya fuvu langu mwenyewe, nikaipunguza iwe ya ukubwa wa kitoto. Nani atajua? Olfa wa meza ya pili kasema mtoto wangu ana nyusi za mzee. Wivu tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Profesa Mongi kanisifu mbele ya maabara nzima. Olfa kanuna. Raha iliyoje! Kisha profesa kasema modeli imeshafika kwa Daktari Nabiha, hospitalini. Kuna Yosr, miaka miwili, kazaliwa bila jicho la kushoto. Ijumaa atawekewa kipande cha plastiki kisukume mfupa, uso usije ukakua upande. Ukubwa wake utatoka kwenye hesabu zangu.
Mfupa wangu una miaka thelathini na nne, mgumu. Wake laini.

Jumatano, 8 Oktoba
Sikulala. Kipande kile ni kikubwa mno, kitamchana kope! Nimekwenda hospitali nikakiibe. Mlangoni nimemkuta mama yake, Yosr mapajani, analishwa uji mzito wa bsisa kwa kijiko. Mama kauliza kama mimi ndiye mtaalamu. Nimesema ndiyo. Ulimi huu! Kaniombea dua. Yosr kanipaka bsisa shatini, akacheka. Nimetoka mbio, mikono mitupu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimejikaza nikaungame. Nafika, Olfa yumo ofisini kwa profesa, fuvu langu limejaa kwenye skrini. Kumbe jana kampigia Daktari Nabiha, kazi ikasimamishwa. Yosr hajaguswa.
Profesa hakufoka. Laiti angefoka.
“Hatem, mwanangu, mtoto wa miaka miwili kaziba jino lini?”
Nimeungama: jino ni langu, na fuvu pia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikufukuzwa. Adhabu: nikusanye picha za mafuvu ya watoto arobaini kutoka hospitalini, kila mzazi aridhie. Daktari anazihitaji kesho, Yosr anakua na mfupa haungoji. Nimepata kumi na moja. Wazazi wengine hawapokei simu. Nikirudi pungufu nimekwisha!
Lakini fuvu langu siligusi tena. Nimekoma kabisa. Dada yangu Samia ana kichwa kidogo mno, kofia zote humpwaya. Nimempigia. Kesho asubuhi anakuja kupigwa picha, nami picha yake nitaipunguza kwa vipimo ishirini na tisa tofauti, arobaini zitimie.