Wimbo wa Ba Kanyere Bote

Jumatatu, 5 mwezi wa pili
Leo nimekuwa mutu mukubwa. Papa Moustapha, musafirishaji wa Beni, amenunua bus mupya. Jumamosi anafanya sherehe na anataka orchestre ya rock. Masharti kwa simu: nyimbo ziwe zetu wenyewe, hapana za kuiga, na tutoke na batu ba Butembo ndani ya bus hiyo, bajaze salle ya sherehe. Nikamujibu nyimbo ziko tayari. Hakuna hata moja. Mais hiyo ni kazi kidogo.

Zawadi, bibi yangu wa ndoa, alisikia yote akichagua maharagi. Akasema: Baba Faida, usipopiga Beni Jumamosi, gitare inaenda kwa chorale ya Apollinaire, na wewe unaenda kulima muhogo Vuhovi kwa baba yangu. Hakucheka. Huyo Apollinaire, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, anasemaka rock ni kelele ya mashini ya kusaga. Gitare yangu mikononi mwake? Afazali nife.

Jumanne, 6
Wimbo wa kwanza umekwisha mbele ya chai. Zawadi aligomba kutoka jikoni mpaka mulangoni: sabuni imeisha, paa linavuja, bwana analala. Mimi nyuma yake, naandika. Kila mara alimalizia: na wewe uko wapi? Refrain yenyewe, ya kuitikia. Nikamuomba arudilie kipande cha paa, polepole. Akanitupia mwiko. Uligonga sufuria, na ule mulio nikauweka mwanzoni.

Jumatano, 7
Wimbo wa mapendo. Jina gani? Kwetu Banande mutoto anapata jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa, donc ba Kanyere, banamuke ba jina moja, bamejaa kila avenue. Nikachagua Kanyere. Akili kama hii inatoka wapi? Mutu akiuliza ni Kanyere gani, nasema ni mwingine. Na kila Kanyere atapanda bus kusikia jina lake.

Mchana nikazunguka. Kanyere muuza fretin, samaki wale wadogo, nikamuambia kwa siri: wimbo ni wako, usiambie mutu. Kanyere mushonaji, vilevile. Kanyere mujane, directrice wa shule, alivua miwani, akaniangalia sana, akauliza bus inatoka saa ngapi. Mpaka jioni nilikuwa nimemaliza kartie yetu yote, nyumba kwa nyumba. Kwa heshima, kila mumoja peke yake.

Alhamisi, 8
Répétition, mazoezi ya orchestre, kule Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Katikati ya wimbo, Josaphat, mupiga ngoma wetu, akasimamisha mikono. Bibi yake anaitwa Kanyere. Nilikuwa nimesahau. Akauliza ni yupi. Nikaapa si wake. Akauliza kwa nini basi tangu jana bibi anapiga pasi pagne, kitenge chake cha Noeli. Akabeba fimbo zake, akaenda.

Bila ngoma hakuna Beni. Niliogopa, vraiment. Nikauona ule muhogo. Nikamufuata mpaka kwake, nikamwambia ukweli: jina nilichagua kwa sababu ni la wengi. Akauliza ni Kanyere wangapi nimewaambia wimbo ni wao. Nikasema mumoja tu, na ni mujane. Akakubali kurudi. Ukweli unasaidiaka.

Jumamosi, 10
Bus ilijaa ba Kanyere. Pagne za siku kubwa, kila mumoja kimya na siri yake, akinichekea kidogo. Niliona ni mambo mazuri.

Wimbo wa kwanza: banamuke ba Beni banapiga meza na mikono, na wewe uko wapi, na wewe uko wapi. Wa pili nikafunga macho, nikasema kwa mikro: Kanyere, unajijua, simama. Nikafungua macho. Nusu ya salle imesimama.

Wakaangaliana. Directrice akauliza kwa sauti ya darasani nani alibaambia wimbo ni wao. Muuza fretin akaninyooshea kidole. Bakapanda jukwaani bote. Nikatafuta mulango, Josaphat ameinuka na fimbo zake, bibi yake mbele kati ya ba Kanyere. Directrice akaninyang'anya mikro. Kwa woga nikaimba tu: nakupenda, Kanyere. Akajibu: muongo. Bote nyuma yake: muongo! Josaphat akarudi kwenye ngoma na hasira yake yote. Hajapata kupiga vile.

Salle ikalipuka. Papa Moustapha na Mama Halima, bibi yake, bakacheza juu ya benchi. Tulirudilia mpaka sauti zikakauka. Mzee Moustapha alinikumbatia, akanisifu namna nilifundisha chorale ile ya banamuke. Nikainamisha kichwa kama mutu munyenyekevu.

Jumapili, 11
Gitare inabaki! Papa Moustapha anatutaka kila mwezi, pamoja na ba Kanyere. Apollinaire alinisalimia wa kwanza kisha misa, na mikono mibili. Zawadi nilimuuliza kama amekasirika. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti mwanaume anayeshindwa na paa moja atapenda ba Kanyere bote na nguvu gani.

Nimegundua kosa langu. Banamuke, siri yao inafika siku moja inatoka. Banaume banafungaka kinywa. Donc wimbo mupya unaitwa Kambale, jina la banaume bengi kwetu: bwana anayeogopa bibi yake. Leo kisha misa nimekamata ba Kambale mumoja mumoja, nikanong'oneza: hapana wewe, ni Kambale jirani yako. Kila mumoja alicheka mpaka machozi, akaahidi kumuleta jirani yake na kumukalisha mbele.