Kitambaa Chekundu cha Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi! Mdogo wangu wa kike, niliyemfundisha mimi mwenyewe kukamua, leo kawaita wafugaji wote zizini kwake wamwone mtamba aliyezaliwa kwa mbegu ya mrija, bila dume kumpanda mama yake. Wa kwanza huku kwetu. Makofi! Miaka kumi na moja kila ndama hapa ni mtoto wa dume langu, Bwana Mkubwa. Nani aliwahi kunipigia makofi? Jumamosi chama kinapiga kura: dume langu au mrija wake. Nikishindwa, nabaki mzee mwenye kamba.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia kwake. Ng'ombe wake bora, yule wa mabaka, kafungwa kitambaa chekundu mguuni. Nikaelewa papo hapo: yuko kwenye joto, anamsubiri mtaalamu wa mbegu. Mke wangu akasema nikaulize kwanza. Nikaulize? Kwa mtoto niliyembeba mgongoni?
Kesho Bwana Mkubwa atamtangulia mtaalamu, na Jumamosi nitawatangazia kuwa mimba ni yake.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mdogo wangu alipokwenda kituo cha maziwa, nikaingia na dume. Kamnusa ng'ombe mara moja, kageuka, kaenda horini kula. Nimemvuta, nimembembeleza, nimemtukana. Wapi! Ng'ombe naye kanipiga teke la goti.
Basi nikafungua kitambaa, nikakitia mfukoni. Tuone mtaalamu atajuaje.

Alhamisi, 7 Machi
Tangi zima la kituo limemwagwa, maziwa yetu yakiwemo. Mpimaji kasema yana dawa. Nikapaza sauti kwamba haya ndiyo matokeo ya kuchezea mirija. Kumbe mdogo wangu yuko nyuma yangu, macho yamemvimba kwa kulia. Nikajifanya naangalia lori.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano. Mdogo wangu kaeleza kuwa ng'ombe wa mabaka anaumwa kiwele, anachomwa sindano, na kitambaa chekundu humwonya mkamuaji asichanganye maziwa yake. Kuna mtu kakifungua.
Nikaruka juu. Uongo! Kila mfugaji anajua nyekundu ni ya joto! Na kama anaumwa, mbona hakuniambia kabla sijamletea dume?
Ukumbi mzima ukanigeukia. Jasho likanitoka. Nikachomoa leso nijifute. Haikuwa leso.
Kura: mrija thelathini na nane, dume moja. Hata mke wangu! Nje mdogo wangu kaniambia, kaka, ungeniuliza tu ningekueleza. Hilo limeniuma kuliko teke.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana Mkubwa kafutwa kwenye daftari la chama. Anashinda langoni kwa mdogo wangu, ananusia hori lake. Msaliti.
Lakini nimechungulia tena. Mtamba mweusi kafungwa kitambaa cha buluu. Mke wangu kasema safari hii nikaulize. Nikaulize nini? Buluu ndiyo ya joto, ni jambo lililo wazi.
Kamba yangu iko wapi?