Memsaabu Hakuruka Hata Kidogo

Jumamosi, 26 Novemba 1988

Leo nimeshinda. Wao wanasema sikushinda. Hiyo ni shida yao.

Naandika kwa sababu Nekoye, mke wangu, amesema akisikia tena habari ya mbio atahamia kwa dada yake. Haya. Karatasi haihami.

Mbio za mikokoteni ya punda, uwanja wa maonyesho, Kitale. Sheria kubwa ni moja: punda atembee haraka vile anaweza, lakini asiruke, yaani miguu yote minne isiache ardhi pamoja. Akianza kuruka, dereva avute kamba mpaka atulie, hata kama wenzake wanampita. Ya pili: usimkatie mwenzako njia. Sheria nazijua, hakuna mtu anazijua kama mimi.

Sasa, kona ya mwisho, punda yangu Memsaabu aliinua miguu kidogo. Kidogo! Kamba nilivuta. Nilivuta kwa roho. Halafu Kibiwott wa Saboti akawa mahali ambapo mkokoteni wangu ulitaka kupita. Mimi nifanye nini? Yeye na punda wake wakaingia kwa mahindi ya maonyesho, yale yenye kibao. Mimi nikafika wa kwanza.

Kibiwott alitoka huko na majani kwa kofia, akipiga kelele ati mzee mzima naendesha kama mtoto wa nasari. Kijana wa juzi tu, hata hamsini sijui kama amefika!

Jumatatu, 28 Novemba

Kibiwott amenishtaki. Ijumaa nasimama mbele ya kamati ya mbio. Mwenyekiti ni Harbans, Singasinga mwenye duka la vyuma na kinu cha kusaga unga. Wa pili ni Mwalimu Nyaruai, mama amestaafu, hacheki. Wa tatu ni Wabwile, mwamuzi wa kona. Huyo ni rika langu, tulitahiriwa asubuhi moja kule Sirisia. Mimi sikupepesa jicho. Yeye, wacha tu.

Nikipatikana na makosa, siendeshi kwa mbio za Bungoma siku ya Jamhuri.

Hiyo haiwezekani. Dada yangu Nakhungu, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni, hatembei tena. Miaka yote anasikia tu vile ninashinda. (Nimeshinda mara moja. Lakini habari njema nampelekea kila mwaka.) Mwaka huu watoto wake watamtoa Sirisia na kiti chake mpaka Bungoma, anione kwa macho. Amesema akiniona mara moja tu inatosha. Inatosha kwa nini, hakusema. Sikuuliza.

Jumatano, 30 Novemba

Akili yangu ni kama wembe. Nimemwalika Wabwile kula kuku.

Nimechinja ile kubwa ya Nekoye, yenye kutaga. Firigisi nikampa yeye. Katika nyumba hii firigisi haijawahi kuingia mdomo mwingine isipokuwa huu wangu! Wabwile alikula, akavunja mifupa, akafyonza. Akapangusa vidole. Akasema asante, rika langu. Sasa, akasema, si unajua vile wazee walitufundisha: mtu akila kuku yako hawezi kukaa kwa kesi yako. Kesho asubuhi anamwambia Harbans amtoe kwa kamati.

Nikahesabu mifupa kwa sahani.

Alipofika kwa mlango akageuka. Ati ni huruma kweli. Kwa ile kona jua lilikuwa machoni, kuruka hakuona vizuri. Yeye angesema nisamehewe tu.

Nikamwambia arudishe firigisi.

Nekoye haongei na mimi. Anaongea na kuku waliobaki, lakini kwa sauti ili nisikie.

Ijumaa, 2 Desemba

Kesi ilikuwa nyuma ya duka la Harbans. Nilienda na shahidi wangu: Memsaabu mwenyewe, na mkokoteni nyuma. Hawakutarajia!

Nikaongea vizuri. Nikasema waheshimiwa, tazameni haya magoti. Tazameni huu mgongo. Huyu ni nyanya ya punda. Huyu anaweza kuruka? Kibiwott akaguna. Lakini Mwalimu Nyaruai alimtazama Memsaabu kwa huruma, niliona. Harbans akainama, akashika goti, akatikisa kilemba. Harbans alizaliwa hapa hapa, Kibukusu anaongea kama alinyonya nacho. Akaniambia kwa lugha yangu mwenyewe ati kweli, baba, huyu mama amechoka.

Nilikuwa nimeshinda! Mdomo tayari umefunguka kumwambia Kibiwott pole.

Mtu akawasha kinu cha unga hapo kando, kikanguruma.

Bana. Miguu yote minne hewani. Memsaabu alizunguka ule uwanja wa nyuma ya duka kama swara, mkokoteni unapiga mabati, akamkatia Kibiwott njia mara ya pili. Kibiwott akapanda juu ya magunia. Kutoka huko juu akauliza kwa heshima kama kamati ingali inahitaji shahidi mwingine.

Mwalimu Nyaruai alicheka mpaka akatoa miwani.

Hukumu: siendeshi mpaka Pasaka ipite. Na ili nijifunze sheria, siku ya Jamhuri nitasimama kwa kona kule Bungoma na bendera nyekundu. Nikiona punda anaruka, niinue. Dereva aliyeinuliwa bendera anatembeza punda pole pole mpaka mwisho, na hakuna kubishana uwanjani.

Nikauliza kama kuna koti. Harbans akasema atatafuta jeupe.

Jumamosi, 10 Desemba

Nekoye ameanza kuongea. Amesema nimtumie Nakhungu ukweli kabla hawajambeba, asije akasumbuka bure. Nimetuma. Nimesema nimepandishwa cheo, siku hizi madereva wote wako chini yangu.

Nekoye amerudi kwa kuku.

Jumatatu, 12 Desemba. Jamhuri

Nakhungu alifika. Walimweka karibu na kona yangu, shuka kwa magoti. Amekonda, sikujua mtu anaweza kukonda hivyo. Alishika mkono wa koti langu, akalipapasa, akauliza kama ni la serikali. Nikasema karibu.

Mbio zikaanza. Mikokoteni saba ikapita hapo, vumbi mpaka kwa meno. Nakhungu akauliza wanaanza saa ngapi. Nikamwambia wamepita. Akasema macho yake siku hizi hayashiki vitu vya haraka, lakini si kitu, atangoja.

Wakapita tena. Akaniambia polepole, Mukhisa, kumbe nimebebwa kutoka Sirisia kuja kula vumbi?

Mzunguko wa mwisho. Kibiwott mbele. Mungu ananiona ninapoandika: punda wake alikuwa anatembea vizuri kama mke wa mchungaji anaenda kanisani.

Nikainua bendera.

Kibiwott alinitazama kama mtu ameona maiti yake mwenyewe. Lakini uwanjani hakuna kubishana. Akavuta kamba. Sasa wa pili ndiye atashinda bure? Hiyo si haki. Nikamwinulia naye. Nikamwinulia wa tatu. Mkono ukashika kazi.

Wote saba wakaja pole pole, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanasindikiza mazishi ya chifu. Watu walipiga kelele, kofia zikatupwa. Nakhungu akawaona wote. Kila mmoja! Akasema punda wa Kibiwott ana masikio mazuri. Akawasalimia, na huwezi kumpita mama kama huyo bila kujibu. Kibiwott, na hasira yake yote, alivua kofia.

Akauliza ni nani amewafundisha watu hawa adabu. Watoto wake wakanionyesha. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka walipombeba.

Jumanne, 13 Desemba

Kamati inaniita tena Ijumaa. Harbans amechukua koti. Mwalimu Nyaruai anasema hakukuwa na sheria ya mwenye bendera, kwa hivyo wanaandika moja kwa ajili yangu. Watu wangapi Kitale wana sheria yao binafsi?

Nekoye anasema niende tu niseme samahani, ni neno dogo. Samahani ya nini?

Kesi yangu nimeshaipanga, na haina shimo. Jana madereva wote waliinuliwa bendera. Wote. Dereva ambaye hakuruka, hakumkatia mtu njia, hakuinuliwa hata kitambaa, ni mmoja peke yake, na alikuwa amesimama kwa kona.

Ijumaa nitawauliza kikombe changu kiko wapi.