Makofi ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Bendi imekubaliana: tutoe albamu ya roki ya jukwaani, yenye enzi zetu zote tatu. Kanda ziko kwangu, chini ya kitanda. Nimezisikiliza zote. Enzi ya kwanza gitaa anapiga Radi, watu wanapagawa. Enzi ya pili na ya tatu napiga mimi, watu wanakohoa. Miaka ishirini na miwili sasa, na bado naitwa yule aliyekuja baada ya Radi. Nimechoka. Nataka wimbo mmoja tu unipe heshima kabla vidole havijakakamaa.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kanikumbusha tena daktari wa masikio. La kushoto limekufa, shukrani kwa matoazi ya mpiga ngoma wetu. Nimemjibu moja linatosha. Kisha nikajifungia bafuni na kurekodi upya solo yangu ya gitaa. Mara kumi na moja! Ya mwisho ilinitoa machozi. Nikaibandikia makofi aliyopigiwa Radi kwenye kanda ya enzi ya kwanza, yale ya ukumbi wa reli. Siku hizi Radi anauza vipuri vya pikipiki. Makofi ya nini?

Ijumaa, 7 Machi
Studio. Nikawaambia nimeokota kanda ya enzi ya tatu. Fundi mitambo akaicheza. Mwimbaji akafuta macho. Nikainamisha kichwa, kwa unyenyekevu. Akasema kweli Radi hana mpinzani.

Nikauliza Radi kaingiaje hapa. Fundi akanivuta hadi spika ya kushoto, akanigeuza sikio zima liielekee. Ukumbi mzima unaita Radi, Radi, Radi. Wakasema nimekosea tu kuandika enzi kwenye kanda, uzee huo. Nikisema kweli, mimi ni mghushi. Nikinyamaza, solo ni yake. Nimenyamaza. Wakampigia simu papo hapo. Akasema haikumbuki, ila anamshukuru Mungu.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Dawa imepatikana. Makofi mapya, sebuleni kwangu. Mke wangu apige na kuita jina langu. Kaniuliza nitakua lini. Kakubali nilipoahidi kwenda kwa daktari, wiki ijayo au ile nyingine. Nimemweka upande wa kushoto, ifanane na kanda ya Radi. Kaita muda mrefu, huku akicheka sana.

Nimeisikiliza mara tatu kwa hedifoni. Jina sijalisikia, lakini mke wangu namwamini. Kesho asubuhi nampelekea fundi.