Mfereji wa Kutazamwa

Kwa furaha kubwa natangaza kwamba mfereji wetu mkuu umejaa pomoni, na utabaki hivyo. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Maji ya Mashamba. Waziri alikuwa anakuja kuuzindua Ijumaa, na mfereji usiojaa haupendezi kwenye picha. Kwa hiyo tuliyafunga malango yote wiki tatu kabla, nikaweka na mlinzi, ili tone lisipotelee shambani.

Wakulima, badala ya kushukuru, wakaja juu. Mama Biringanya, anayeitwa hivyo kwa sababu ya shamba lake, alinivamia ofisini na mche uliosinyaa.

"Mkurugenzi, biringanya zimetoa maua. Zikikosa maji wiki hii, nimekwisha mimi na wanangu."

"Mama, maji si umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi huduma imekufikia."

Alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Haya baba, kazi njema." Nilifurahi jinsi alivyoielewa sera.

Ijumaa Waziri alifika, akapigwa picha. Mambo yalikwenda barabara mpaka alipogeuza shingo. Kati ya mashamba arobaini, yote yalikuwa yamekauka ila moja, kijani kabisa, biringanya zimejaa maua. Akalifuata moja kwa moja.

"Hii ni teknolojia gani?"

"Ya ofisi yetu, Mheshimiwa," nikawahi kujibu. Uongozi ni kuwahi.

Mama Biringanya akainua mpira mweusi uliopita juu ya ukingo wa mfereji hadi shambani kwake. Mlinzi, nilipomkazia macho, alinong'ona kuwa yeye aliagizwa kulinda malango tu.

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," mama akamwambia Waziri. "Mkurugenzi ndiye fundi. Ngoja awaonyeshe." Akaunyanyua mpira mpaka maji yakakatika, akanikabidhi ncha. "Vuta kwa mdomo, baba, kama ulivyotufundisha."

Nikapiga magoti na suti yangu. Nikavuta, hewa. Nikavuta tena, tope na kidudu kimoja hai vikanijaa mdomoni. Maji yakatiririka. Wakulima wakashangilia kwa moyo ambao sijawahi kuuona kwenye mikutano yangu. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Waziri akaagiza teknolojia ienee mashamba yote arobaini, mtaalamu, yaani mimi, akiisimamia mwenyewe, asubuhi na jioni. Mama Biringanya apange zamu.

Nikatema tope, nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba labda tufungue tu malango.

"Malango ya nini," Waziri akacheka, "na wewe upo?"