Baroni Corvisy Avaa Raba

Jumatatu, 9 Oktoba

Wamemvalisha raba! Baroni Corvisy, mwizi muungwana, aliyepora makasri na mabenki katika vitabu ishirini na viwili bila kuchafua glavu, sasa kwenye televisheni anapanda skuta ya umeme na kuiba kwa simu. Kwa simu! Sehemu ya kwanza niliitazama nikiwa nimesimama, kuonyesha kwamba nimekasirika. Ya pili niliketi, miguu ilichoka. Ya tatu hadi ya sita nilizitazama ili kumjua adui.

Kwangu hili ni tusi mara mbili. Mimi Fulgence Lecacheux ni mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji wa Corvisy hapa Vaubourg, mji alikozaliwa mwandishi wa vitabu vyenyewe. Na riziki yangu ni kutengeneza viatu na kuchonga funguo. Raba haibadilishwi kisigino. Raba ikichakaa inatupwa. Ufaransa nzima ikivaa raba, mimi nitakula nini?

Jumapili tuna uchaguzi. Baba alikuwa mwenyekiti miaka thelathini, mimi miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kusimama dhidi yetu. Mwaka huu yupo: Bi Mauricette Auzou, muuza jibini, makamu wangu. Ameipenda tamthilia! Anasema imetuletea vijana thelathini na wanane wanaoomba kujiunga. Sisi tupo kumi na mmoja, na mdogo wetu ni mimi, miaka hamsini na sita. Nimemwambia vijana wajaze fomu nakala tatu, kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Akaniuliza kama natafuta wanachama au mahabusu.

Nikishindwa nampa yeye kofia. Kofia ndefu nyeusi ya hariri aliyoivaa baba kila mkutano mpaka alipofariki. Anayeketi kwenye kiti ndiye anayeitunza. Kofia ya baba kwenye kichwa kinachonuka jibini!

Jumanne, 10 Oktoba

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu wa tamthilia wamekuja kurekodi hapa hapa mjini, wamekodi jumba la zamani la kamari ufukweni. Wakaomba kofia halisi ya enzi zile. Bi Mauricette akafungua kabati la chama akawapa ya baba. Ufunguo wa kabati nilimchongea mimi. Bure!

Nilikwenda dukani kwake kumkaripia. Foleni nzima ilisikia. Akanikumbusha ibara ya saba ya katiba: kofia ni mali ya chama. Aliyeandika ibara ya saba ni baba. Kisha akaniambia nipumue, nisije nikaanguka juu ya jibini za watu.

Usiku usingizi umekataa. Saa sita nikapata wazo, nikacheka peke yangu. Baroni angefanya nini? Angeiba! Nitaiiba kofia mchana kweupe, niache kadi kama yeye, kisha Jumapili niingie mkutanoni nimeivaa. Nani atampigia kura muuza jibini mbele ya mtu kama huyo?

Jumatano, 11 Oktoba

Jaribio la kwanza. Mlango wa nyuma wa jumba la kamari. Nilikuwa na nyaya zangu, mafuta yangu, miaka thelathini ya ufundi. Dakika arobaini kufuli haikusema kitu. Akapita mzee Théodule Brard, mweka hazina wetu, miaka themanini na minane, mkate kwapani. Akauliza kama nimejaribu kuuvuta mlango.

Ulikuwa wazi.

Ndani nikakutana na mlinzi. Nikamwambia nimekuja kutengeneza kufuli. Akafurahi sana, maana alikuwa na kufuli tatu mbovu na kila mtu humpuuza. Nimezitengeneza zote. Kazi safi, nitajisifu. Sasa jumba zima halifunguki, na aliyelifanya lisifunguke ni mimi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Baroni hakupenda madirisha. Alipenda mlango wa mbele na jina la uongo. Kwa hiyo kesho mimi ni Profesa Anthelme, mtaalamu wa kofia kutoka Paris. Nitakwenda saa saba, chakula cha mchana. Katika nchi hii hata moto unangoja watu wamalize kula.

Nimejaribu lafudhi ya Paris mbele ya kioo. Nimeandika kadi kwa wino wa zambarau: Corvisy alipita hapa. Nimebandika masharubu niliyoyakata kwenye brashi ya viatu. Gundi ya kawaida haikushika, nikatumia ya soli. Hiyo imeshika.

Bi Mauricette amepita dukani akiwa na kasha mkononi. Akaanza kusema ana jambo la kunieleza kuhusu baba yangu. Nikamwambia baba yangu si mada ya watu wanaogawa kofia za wenzao. Akaniangalia usoni, akauliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Nikamwonyesha mlango.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ijumaa tarehe kumi na tatu! Huku wanasema ni siku ya bahati, na mji mzima umepanga foleni kununua tiketi za bahati nasibu. Mimi nilitumia bahati yangu kwingine.

Saa saba na dakika tano nikaingia kwa mlango wa mbele. Mlinzi alikuwa anakula, akanipungia uma. Chumba cha mavazi: msichana wa Paris anayeitwa Naïma, mtunza mavazi, sahani ya kuku mapajani. Nikajitambulisha. Nikasema nimetumwa kukagua hali ya hariri. Nikasema maneno mengi kuhusu hariri. Akaniamini! Akaleta kofia mwenyewe, akaniwekea mikononi, akasema niichukue mpaka kesho kama kazi inataka muda.

Imekwisha, nikajiambia. Kilichobaki ni kuaga. Baroni hakuondoka kamwe bila kumuaga mwanamke kwa adabu. Nikainama kumbusu mashavuni kama tunavyofanya. Shavu la kushoto. La kulia. Yeye akamaliza, akageuka kuchukua kuku wake. Mimi nikaendelea. La tatu lilimpata sikioni. La nne lilitua kwenye kola.

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akaweka sahani chini.

“Profesa wangu,” akasema, “sisi Paris tunabusu mara mbili. Mara nne ni nyinyi wa huku tu, tangu nifike nimechelewa kazini kila siku kwa salamu zenu. Wewe si yule fundi viatu wa karibu na kanisa? Na mbona masharubu yako yananuka gundi?”

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa tatu. Nikatupa kadi, nikatimua mbio na kofia mpaka juu ya kilima bila kugeuka nyuma. Kifua kinauma. Kofia iko chini ya kitanda. Nimeshinda!

Jumamosi, 14 Oktoba

Sikushinda. Asubuhi nimeitoa kofia kwenye mwanga. Si hariri. Ndani ina karatasi: Nakala ya tatu, ya kunyeshewa mvua. Kumbe walitengeneza nne, na ile ya baba walishairudisha kwa Bi Mauricette tangu Alhamisi.

Aliyenieleza ni Naïma. Hakuja na polisi. Alikuja na buti lake lililong'oka kisigino. Akaomba nakala ya tatu kwa sauti ya chini, kwa sababu Jumatatu katika hadithi kutanyesha. Nikampa. Nikamtengenezea na buti. Alipoondoka akanibusu mara nne, akihesabu kwa sauti. Wateja wawili walikuwepo.

Masharubu hayatoki. Nimejaribu maji moto, siki na spiriti. Nina uso mwekundu na masharubu yale yale.

Jumapili, 15 Oktoba

Mkutano. Wazee kumi na mmoja kwenye viti, vijana thelathini na wanane ukutani, wote raba. Nilieleza kwa kirefu kwamba Baroni wa kweli haandiki ujumbe wa simu. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema yeye alianza na tamthilia, akaenda kusoma vitabu, sasa yuko kitabu cha kumi na tisa. Akanitajia kosa la tarehe katika kitabu cha sita. Nilikuwa sijawahi kuliona.

Kisha Bi Mauricette akafungua kasha. Kofia ya baba. Akasema ilikuwa imeliwa na nondo ndani, ndiyo maana aliwapa watu wa tamthilia, kwa sharti kwamba Naïma abadilishe bitana. Mimi miaka kumi na tisa niliipiga brashi kwa nje tu. Chini ya bitana ya zamani Naïma alikuta kipande cha karatasi. Mwandiko wa baba. Kwa Fulgence, kichwa chake kikikua.

Nililia. Mbele ya watu, mbele ya raba zote hizo. Nilitamani baba awepo, nilitamani sana, na nilitamani Alhamisi nisingemwonyesha Bi Mauricette mlango.

Kura: kumi yeye, moja mimi. Ile moja najua mwenyewe nani kaipiga. Mzee Théodule akaniomba msamaha, alidhani tunapigia kura jibini. Pendekezo la kwanza la mwenyekiti mpya: kofia iwe ya Lecacheux milele, ibara ya saba ifutwe. Wote wakanyoosha mikono. Vijana nao wakanyoosha, ingawa hawana kura bado. Bi Mauricette akanivalisha mwenyewe.

“Haya, Fulgence,” akasema, “imekukaa. Sasa nenda nyumbani ukanyoe hilo dude.”

Jumatatu, 16 Oktoba

Kofia iko mezani. Nimeivaa kunywa kahawa. Nimeivaa kuchonga funguo mbili. Inanikaa barabara.

Tatizo moja. Nimepewa. Katika vitabu ishirini na viwili Baroni hakupewa kitu hata mara moja! Mimi nimepewa kofia ya baba yangu mwenyewe na muuza jibini, pamoja na jibini. Jibini nimekula. Lakini kofia nimeirudisha leo saa nne, nimeiweka dirishani kwake, nikamwomba anitunzie mpaka Alhamisi. Akauliza kwa nini Alhamisi. Nikapapasa masharubu. Akafumba macho, akataja jina la Mungu.

Alhamisi naiiba. Safari hii sifanyi mzaha. Nitakuja kama shangazi yake Honorine, wa mtaa wa juu hapa hapa Vaubourg, ambaye hajatoka mji huu miaka themanini. Gauni nimelipata, mtandio utaficha masharubu. Na salamu nimezifanyia mazoezi kwenye mto tangu asubuhi: kushoto, kulia, basi. Mabusu mawili tu! Mtu mzima hujifunza kwa makosa yake.