Mabusu Matatu Uani kwa Kina Ngalula

Leo nimejiaibisha, tena mchana kweupe, nikiwa nimevaa abakosti mpya, ile suti yetu isiyotaka tai.

Nawaandikia nyinyi wanafunzi wenzangu mliobaki Ubelgiji kwa sababu ni nyinyi tu mtakaoelewa. Hapa Kolwezi hakuna anayeelewa. Hapa wanacheka tu.

Mnakumbuka nilivyorudi: muhula mmoja wa jiolojia kichwani, sanduku limejaa mawe. (Forodhani walilifungua wakaniuliza kama mawe ya Kolwezi yamekwisha.) Basi, leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha rasmi kwa kina Ngalula, mchumba wangu. Ameningoja miezi yote hiyo, na miezi yote hiyo shangazi zake walikuwa wakimtajia mwalimu mmoja wa Mutshatsha kila Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo leo sikutakiwa kukosea hata kidogo.

Baba mdogo Kalala, mshenga wangu, alinifunda wiki nzima. Kwetu sisi watu wa Kasai mama mkwe hashikwi mkono. Haangaliwi usoni. Unakaa mbali, unainamisha kichwa, unapiga makofi polepole, basi.

"Ukimugusa, tutatoa mbuzi," aliniambia. "Na mbuzi njo kitu kidogo. Soni njo kitu kikubwa."

Nilimcheka. Mimi nimezaliwa kambi ya wachimbaji hapa hapa, nani asiyejua hayo?

Tuliitwa saa tisa. Mnajua Ubelgiji ilivyonifanya: saa tisa ni saa tisa. Baba mdogo aliahidi kunipitia. Saa nane na nusu hajatokea. Saa tisa kasorobo hajatokea. Nikaenda peke yangu! Mchumba anayekwenda ukweni bila mshenga! Saa tisa kamili nilikuwa mlangoni, naitazama saa yangu, najisifu.

Hakuna mtu. Viti bado vimeegemezwa ukutani. Nikapiga hodi, kimya. Nikazunguka uani.

Hapo jikoni akatoka mama mmoja, kitenge kiunoni, birika la kahawa mkononi. Kuona abakosti na mtu aliyefika kwa saa, akadhani ni karani wa ofisi.

"Bonjour, citoyen," akasema, kama anavyosalimiwa mtu wa ofisi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Yule Madame mwenye nyumba wangu huko kwenu, miezi mitano, kila asubuhi alitoka jikoni na birika, akasema bonjour, akanipa shavu. Usipombusu mara tatu, hupati kahawa. Mnamjua!

Kichwa changu kilimtambua mama yake Ngalula papo hapo. Mdomo wangu haukungoja kichwa.

Busu la kwanza, shavu la kushoto. La pili, la kulia. Hapo nilisikia amekakamaa. La tatu nilikuwa nimeshakumbuka niko wapi, lakini nililimalizia (sijui kwa nini, nadhani niliogopa kuliacha katikati).

"Weye njo nani?" akauliza, polepole sana.

"Njo mi, mama. Mutu ya Ngalula."

"Mawee!"

Birika likaanguka. Shangazi wawili wakatoka mbio, majirani wakajaa kwenye ua. Akaja baba mtu, amevaa fulana ya ndani, povu la sabuni shavu moja, wembe mkononi.

"Tata, kule Ulaya..." nikaanza.

"Hapa njo Ulaya?"

"Hapana, tata."

"Weye uko unatafuta mutoto, ao uko unatafuta mama yake?"

Majirani walicheka mpaka wengine wakashikilia uzio. Shangazi mmoja hakucheka. Alisema kwa utulivu, ili nisikie: "Ule mwalimu ya Mutshatsha, yee hata mukono hanyooshe."

Hapo niliogopa kweli. Nilimwona Ngalula wangu akipanda treni ya Mutshatsha.

Wakaniweka kwenye kiti, uso ukutani, nisimtazame mama tena. Nikahesabu matofali. Saa kumi akafika baba mdogo Kalala, anatembea taratibu, kofia mkononi, na kila mtu akamsifu kwa kufika mapema. Akaangalia mgongo wangu. Nadhani alikuwa ameshasikia tangu barabarani.

Walizungumza muda mrefu nyuma yangu. Hukumu: mbuzi, tena dume, na neno la ndoa lisitamkwe mpaka huyo mbuzi afike. Lakini hawakusema hapana. Nilitamani kugeuka nishukuru, nikakumbuka ukuta wangu.

Mwisho Ngalula akaniletea maji. Sikumwona, nilisikia sauti tu.

"Umekasirika?" nikamuuliza ukutani.

"Mama njo amekasirika. Anauliza kitu moja."

"Nini?"

"Juu ya nini mara tatu? Moja haitoshe?"

Nikamweleza habari ya Madame na kahawa. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Mama siku moja tu amepata tatu," akasema. "Mi nimekungoja miezi yote, hata moja!"

Akaondoka anacheka, na bilauri nikabaki nayo mimi.

Mbuzi nampeleka Jumamosi. Nimeitwa saa tisa, kwa hiyo nitaondoka nyumbani saa kumi, na baba mdogo ameapa kutembea mbele yangu. Chekeni kidogo kama ni lazima, ila Madame asijue, maana atasema nilibusu vizuri.